Shangazi Feza na Mlango wa Ghorofani

Petroli iliyochanganyika na ndakala, dagaa wetu, wanaokauka juani: hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya sinema kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa. Nyumba ya video ya Tonton Jules ilijengwa kwa matofali mabichi, imebanwa kati ya kiwanja ambako akina mama walianika samaki wao na kibanda cha fundi baiskeli. Jenereta lake lilinguruma nje, ukutani kabisa, hata ukadhani watu wote wa kwenye filamu wanaongea wakiwa wamesimama kando ya mashine ya kusagia mihogo. Madirisha aliyaziba kwa blanketi za kijivu, zile zile tulizogawiwa kambini Tanzania, kwa hiyo saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mabati, ndani kulikuwa giza na joto la kukatisha pumzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka ukimbizini miezi michache tu nyuma, na watoto wa mtaa walicheka Kiswahili changu, wakasema ninaongea kama redio. Ilikuwa vakansi kubwa, shule zimefungwa, sina rafiki, na humo gizani hakuna aliyenitaka niongee.

Siku nyingine Tonton Jules alionyesha karate na vita. Jumatano alionyesha kile kilichobaki chini ya sanduku lake la kaseti: filamu za zamani za kutisha, zisizo na rangi, zilizotiwa sauti ya Kifaransa. Vijana waliingia, wakaona hakuna bunduki, wakatoka wakinung'unika. Mimi nilibaki. Nilipenda ukungu uliotambaa chini kama kitu chenye miguu, malango ya chuma, mishumaa, magauni marefu yanayofagia ngazi. Zaidi ya yote nilipenda jinsi hatari ilivyojitangaza. Vinanda vilianza kulia, mlango ukakwaruza, na wewe ukapewa nafasi ya kushika benchi. Sisi tulikimbia vita kule Fizi asubuhi, watu wakinywa chai, na hakuna kilichotutangulia kutuambia. Baba hakuwahi kuzungumzia siku ile. Nilipoulizwa nyumbani ninatafuta nini kwenye picha za mashetani, nilishindwa kueleza hayo, na hata leo nikiyaandika naona hayakai sawa.

Filamu moja ndiyo iliyonikamata. Mwanamke anaishi peke yake katika nyumba kubwa kando ya ziwa. Mume wake alitoka na mashua, hakurudi, mwili haukuonekana. Kisha kila ukungu ukishuka, nyayo za maji zinatokea kwenye ngazi za ndani, zinapanda, zinaishia mbele ya chumba cha ghorofani kilichofungwa. Mara ya kwanza niliiona mpaka pale mwanamke anapoanza kuutafuta ufunguo wa chumba hicho. Hapo mafuta ya jenereta yakaisha, na Tonton Jules akatutoa nje kama kuku.

Jumatano iliyofuata aliirudia. Nilikuwa katikati ya filamu mama alipomtuma shangazi Feza anirudishe nyumbani. Shangazi Feza ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa amepita miaka hamsini, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na tangu turudi alikaa kwetu. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Wakati wa vita aliwavusha watu wake ziwa, kisha akapanda boti kurudi kwao Ubwari kuchukua cherehani yake, na boti hiyo haikufika popote. Nyumbani jambo hilo halikuguswa. Shangazi hakuvaa nguo za mjane, na hakuna aliyethubutu kumwambia avae.

Aliinua blanketi la mlangoni, akasimama akisubiri macho yazoee giza. "Mama yako iko nakuita," alisema. "Muchana wote uko humu ndani, vyombo unaachia nani?"

Nilinyanyuka. Lakini yeye hakugeuka kutoka. Kwenye runinga nyayo za maji zilikuwa zinapanda ngazi, moja baada ya nyingine, bila mtu.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Mume wake, shangazi. Alikufa ziwani."

"Alikufa ao alipotea?"

Nikafikiri kidogo. "Alipotea. Hawakumwona."

Shangazi Feza alikusanya kitenge chake, akakaa kwenye benchi kati ya watoto, na hatukurudi nyumbani mpaka jua lilipopoa. Hakujua Kifaransa, kwa hiyo nilimtafsiria. Ukweli ni kwamba na mimi nilijua kidogo mno. Nilijaza mapengo. Mwanamke akisema maneno matano, mimi nilisema ishirini: kwamba anamkumbuka mume wake, kwamba waligombana kabla hajaondoka, kwamba nguo zake bado zimo sandukuni. Shangazi aliyapokea yote akiitikia kwa kichwa. Wengine walipopiga kelele, yeye aliongea na yule mwanamke taratibu, kama unavyomwelekeza jirani. "Usipande na mushumaa mumoja, mama. Lete na mwingine." Hatimaye mwanamke akafika ghorofani, akatia ufunguo, akashika kitasa. Picha ikatetemeka, ikajikunja, na ndani ya mashine kukasikika mlio wa kitu kinachotafunwa. Kaseti ilikuwa imemezwa. Tonton Jules akauvuta mkanda kwa vidole, mita nzima, umekunjamana kama utumbo wa mbuzi.

Sijui kama niliwahi kukasirika vile tena. Niliulizia mwisho wa filamu ile kila siku, na shangazi alikwenda nami, eti akipita tu kuelekea sokoni. Tonton Jules alidai ameiona yote huko Kigoma alikoinunua.

"Alifungua?" shangazi akamuuliza siku ya kwanza.

"Alifungua, mama. Akakufa."

Siku ya pili alisema aliyekufa ni mume. Shangazi akamkumbusha kuwa huyo alipotea tangu mwanzo. "Basi bote balikufa," Tonton Jules akajibu, akarudi kwenye bisibisi yake. Siku ya tatu alisema nyumba iliungua. Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu amepewa kitu ambacho sisi tungekitunza kama yai, na yeye amekitazama huku akila karanga. Aliahidi kuunyoosha mkanda kwa pasi ya mkaa iliyopoa. Kila Jumatano tulifika, kila Jumatano akatuonyesha filamu nyingine. Mwisho wa mwezi wa nane tulikuta blanketi zimeondolewa madirishani na ndani kumelala mbuzi. Wazazi wa mtaa walikuwa wamelalamika kwamba video inawaharibu watoto, naye amehamia Kazimia, mbali kwa boti, na sanduku lake.

Nililikubali hilo kwa shingo upande. Shangazi hakulikubali. Siku chache baadaye alimwambia baba kwamba anakwenda Kazimia kutafuta samaki wa kuuza. Baba alimtazama kwa muda mrefu, kwa sababu tangu tulipovuka kurudi, shangazi hakuwahi kukanyaga boti. Akiwa na safari ya kando ya ziwa alitembea kwa miguu, au hakwenda. Mimi peke yangu nilijua anachokifuata. Nilimsindikiza mpaka kwenye boti. Alipanda bila kushikwa mkono, akakaa katikati, akafumba macho kabla injini haijawashwa.

Alirudi siku ya tatu akiwa na kapu la samaki waliokauka vibaya, wale wanaouzwa kwa asiyejua kuchagua. Nilimngoja mpaka tukawa peke yetu jikoni.

"Nilimuona Jules," alisema. "Kaseti iko. Alininyooshea, akaniwekea."

"Na mlango?"

"Ule mama anashika mulango, halafu inakuwa harusi." Alikuwa anasafisha samaki, hakuinua uso. "Kuna bantu ba kule balimulipa abachukulie picha za harusi. Akatia juu ya ile kaseti. Banacheza tu. Nilingoja mpaka banamaliza kucheza, nikasema labda kule nyuma itarudi. Haikurudi."

Nilimfikiria ameketi mbele ya runinga katika nyumba ya watu, baada ya saa zote zile ziwani, akiwatazama watu asiowajua wakikata keki. Baadaye aliniuliza kama mimi, niliyesoma, siwezi kufahamu kutokana na maneno yale ya Kifaransa kilichokuwamo chumbani. Nikajibu kwamba siwezi, na kwamba si vizuri kubuni. Nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nimembunia nusu nzima ya filamu. Nilikuwa nimeanza kuziheshimu filamu hizo kama mashabiki wanavyoziheshimu, na niliona fahari kutodanganya kuhusu mwisho.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari hapa hapa Baraka, na bado napenda filamu za kutisha za zamani kuliko nyingine yoyote. Wenzangu hunicheka. Wanafunzi wangu nikiwaonyesha kipande kwenye simu huuliza kama imeharibika, mbona haina rangi, kisha wanasukuma kidole mpaka mwishoni, wanaona nani amekufa, wanarudisha simu. Shangazi Feza alihamia Ubwari kwa ndugu za mumewe, na tulipokuwa tukizungumza kwa simu, mtandao ukikatika kila baada ya sentensi mbili, hakuacha kuuliza. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu, tayari anaumwa.

"Ile filme, ulishaka kuona mwisho yake?"

"Bado, shangazi. Niko natafuta."

"Utafute basi," alisema, na laini ikakatika. Alizikwa mvua zilipoanza.

Mwaka jana niliipata. Sikujua jina lake, kwa hiyo niliwaelezea watu wasionijua, kwenye kundi la mashabiki, habari za ziwa na nyayo, hadi mmoja akanitumia. Ilichukua siku nne kuingia kwenye simu, na mara mbili ilianza upya kutoka sifuri. Niliitazama siku ya mapumziko, mlango wa chumba changu nimeufunga kwa ufunguo. Mwanamke anafungua. Ndani yumo shemeji yake, amevaa buti, ameshika ndoo. Alikuwa akimwaga maji kwenye ngazi ili amtie wazimu, airithi nyumba. Anaingia polisi, anaeleza kila kitu kwa dakika kadhaa, na filamu inaisha.

Ndoo. Niliitazama mara tatu nikidhani nimekosea kusikia, maana sasa Kifaransa nakijua. Nilizitafuta pia sentensi zote nilizomtafsiria shangazi, na karibu hakuna hata moja iliyokuwamo. Hawakugombana kabla ya safari. Hakukuwa na nguo sandukuni. Kila alichokipenda katika filamu ile alikisikia kutoka kwangu, na mahali pekee alipokihitaji kwa kweli, nilimnyima kwa jina la ukweli ambao haukuwa na thamani ya maji ya ndoo ile.

Leo nina filamu za kutosha mfukoni, na zote zina mwisho. Hakuna anayeniuliza habari zake. Ningeweza kumwambia, pale jikoni, kwamba mwanamke alifungua akamkuta mume wake, amelowa, amechoka, anauliza kama kuna chakula. Angeitikia kwa kichwa, angesema huyo mama asimwulize maswali, ampe kwanza nguo kavu. Ingenigharimu sentensi moja.