Kinyozi Aliyezimia Akininyoa

Kinyozi wetu amejaa mvi, lakini mikono yake haitetemeki. Huujaribu wembe kwanza kwenye vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, kisha hunyoa huku akipiga porojo. Yu buheri wa afya, ila siku hizi huzimia ghafla, bila homa wala kizunguzungu. Madaktari wamempima moyo, presha na sukari, wakaambulia patupu. Leo, nikiwa na povu hadi shingoni, alinyamaza katikati ya kisa cha mkwewe, akaporomoka. Wembe ukaanguka sakafuni. Binti yake, anayemfulia taulo, alikimbia akamwinua miguu.

“Baba, basi! Utamchinja mtu!”

Mzee akafumbua macho. “Nimchinje nani? Mkwe wangu mwenyewe hayupo.”

Tulicheka sote, lakini macho yake yalituuliza jambo ambalo hata sisi hatukulijua. Akainuka, akauosha wembe, akanisogelea.

“Inua kidevu, mwanangu.”

Nilitaka kukiinua, kweli nilitaka, ila shingo ilikataa. Alingoja kidogo. Kisha akaukunja wembe, akanipangusa povu taratibu, ilhali upande mmoja wa ndevu zangu haukuwa umeguswa.