Mchezaji Anayeitwa Maiti

Baada ya kumzika binti yetu, mume wangu aliacha kuongea. Malaria ilimpanda mtoto kichwani, akaondoka kabla hatujaelewa kwamba anaumwa kweli. Mume wangu alirudi kazini, alikula, alilala. Nikimuuliza jambo, alitikisa kichwa tu.

Jirani yetu wa hapa Cibitoke, mwalimu mstaafu aliyekimbia vita Bukavu pamoja na mkewe, alikuja na karata. Mapadri ndio waliomfundisha mchezo wa bridge shuleni.

"Mama, iyi muchezo inaomba watu wane," aliniambia mlangoni. "Sisi tuko wawili, na nyinyi muko wawili."

Nilikubali kwa sababu, kama alivyonieleza, katika bridge kila mchezaji hutangaza kwa sauti ahadi yake ya mizunguko atakayoshinda, au husema anapita. Hakuna anayeweza kukusemea. Nilitaka kumsikia mume wangu.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, alisema "Napita" tu, kwa sauti iliyokauka. Mke wa mwalimu aliinamia karata zake ili nisione machozi yake. Baada ya majuma kadhaa nikasikia "Kopa mbili", na mimi, mwenzi wake mezani, nikaanza tena kubahatisha anachowaza.

Ahadi yako ikishinda, mwenzi wako huweka karata zake wazi mezani na kunyamaza, nawe unamchezea. Kwa Kifaransa wanamwita maiti. Mwalimu alikuwa akisema "anayepumzika". Siku moja alisahau.

"Maiti aweke karata," alisema, kisha akashika mdomo. "Unisamehe, ndugu yangu."

Mume wangu alizipanga moja moja. "Ni mi," alisema. "Tangu siku ile, ni mi."

Ndipo akatueleza. Binti alimwomba maji, naye akamwambia avumilie, yeye baba akimbilie dawa kwanza. Aliporudi na dawa, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka. Sikuwahi kulisikia hilo.

Mke wa mwalimu akasema polepole, "Siye tuliacha watoto wawili kule. Ata kaburi atuna."

Mchezo ule hatukuumaliza.

Mume wangu hakupona. Siku nyingi bado hunijibu kwa kichwa. Lakini mwalimu alipolazwa mwaka huu, yeye alikwenda kumwona kila jioni, peke yake, na wauguzi waliniambia kwamba wazee wale wawili huongea mpaka wanafukuzwa.