Wakwe Wawili Kwenye Viti vya Chekechea

Shemeji yangu Mugeta, mume wa dada Jeska, ni fundi baiskeli pale Mukendo, mjini Musoma. Enzi za ulevi wake hakupiga mtu. Alikuwa akilewa anaimba, na akiimba anaanguka. Kwenye sherehe ya kipaimara cha bintiye Ghati aliangukia keki. Mtu mpole namna hiyo unamhurumia mpaka unasahau kumkasirikia, na miaka inapita.

Ghati hakusahau. Alipochumbiwa na kijana wa Butiama, alimwambia, "Baba, ndoa ni Septemba. Ukigusa pombe tena, hata kulamba, baba mdogo Lameck ndiye atanishika mkono kuingia kanisani."

Baada ya siku mbili Mugeta akaulizia kikundi cha watu wanaoacha pombe. Kipo kimoja Musoma, hatua chache kutoka kibanda chake. Ndiyo maana hakukitaka.

"Shemeji, pale wote wananijua."

"Wanakujua ukiwa umelala mtaroni," nikamjibu. "Wakikuona umekaa kwenye kiti ndiyo utaona aibu?"

"Hiyo ni tofauti."

Nimelifikiria sana jibu lile. Ni kweli, ni tofauti.

Akaamua awe anaenda Bunda kila Jumamosi asubuhi, akidai anafuata spea. Alivaa miwani ya jua na kofia ya sufu, kwenye joto lile.

Kikundi cha Bunda hukutana katika darasa la chekechea, kwenye viti vya plastiki vya watoto. Kiongozi wao, Mama Euphrasia, alieleza utaratibu: kila mtu ataje jina moja tu, na siku alizokaa bila kunywa. Mzee mmoja mvuvi, Burito, akagoma.

"Jina moja ni la ng'ombe! Mimi nitamsikilizaje mtu sijui ni mtoto wa nani, ukoo gani, kaoa wapi?"

Wote wakamuunga mkono, maana kwetu hakuna anayeweza kukaa na mgeni dakika tano bila kumuuliza kwao ni wapi. Wakaanza kueleza koo zao. Zamu ikamfikia bwana mmoja aliyevaa barakoa mpaka chini ya macho.

"Naitwa Chrispin, mtoto wa Matiko, Butiama. Namwozesha kijana wangu Musoma, kule Bweri, kwa fundi baiskeli mmoja. Mtu safi sana yule. Hajui hata pombe inanukaga vipi."

Mugeta akainuka akimbie. Kiti nacho kikainuka, kimemng'ang'ania makalioni. Miwani ikaanguka.

"Mkwe?"

"Mkwe."

"Si uliniambia hunywi kwa sababu ya vidonda vya tumbo?"

"Na wewe si uliniambia umeokoka?"

Kwa watu wetu mkwe humficha mkwe hata kikohozi, sembuse ulevi. Mugeta alitamani kurudi nyumbani na kiti chake. Lakini akilini akamwona Lameck kanisani, ameshika mkono wa Ghati, akaketi. Mama Euphrasia akavua khanga yake ya juu, akaitundika kwenye kamba ya michoro ya watoto, katikati ya wakwe. Kila mmoja akaungama kwa upande wake. Chrispin alisimulia alivyowahi kulala zizini akimwita ndama kwa jina la mkewe. Khanga ikatikisika.

"Mkwe, unacheka?"

"Sicheki, mkwe. Nalia."

"Basi lia polepole."

Wakaendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ikafika siku ya kuleta ng'ombe Bweri, nyumbani kwa Mugeta. Wazee wakatoa kibuyu cha pombe ya mtama. Desturi ya pande zote mbili ni kwamba baba wa binti na baba wa kijana wanywe kwanza, kibuyu kimoja. Asiyekunywa amekataa undugu. Ghati alisimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, anamtazama baba yake.

Mugeta alikipokea. Kikamponyoka kidogo, pombe ikammwagikia suruali.

"Mimi nime... nimeokoka," akasema.

"Na mimi nina vidonda vya tumbo!" akadakia Chrispin.

Wazee wakatazamana. Kwenye kikao cha mahari walikuwa wamesikia kinyume chake. Mayala, mjomba wa kijana, akauliza, "Huu ugonjwa unahamaga?"

Mugeta akaweka kibuyu chini. "Wazee, mimi ni mlevi. Nina siku hamsini na sita sijanywa. Nikionja hii, sitamshika mwanangu mkono."

"Mimi sitini na tatu," akasema Chrispin. "Nimemzidi."

"Wiki moja tu, mkwe. Usijisifu."

"Sasa hapa tunapokea ng'ombe," akauliza Mayala, "au tumelazwa wodini?"

Bibi Nyangi, mama yake Mugeta, akasema yeye ana njaa, waleteeni maziwa ya mgando wanywe hayo, mambo yaishe. Wakanywa, kibuyu kimoja, mkwe akimpokea mkwe.

Ghati akamwendea Lameck, ambaye suti alikuwa ameshaishona.

"Baba mdogo, samahani. Suti utaivaa, ila utakaa benchi la tatu."

"La tatu? Hata la pili jamani?"

Ghati alikuwa ameshamgeukia baba yake, amemshika mkono kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo kitambo kirefu, mpaka nikatazama pembeni.

"Kabadili suruali, baba," akasema. "Unanuka pombe."