Fainali Niliyoikataa kwa Karatasi

Kosa langu la kwanza katika timu ya chuo chetu hapa London lilikuwa kujisomea sheria za futiboli ya Kimarekani mtandaoni bila kumuuliza mtu. Nilipoumia goti mechi ya pili ya msimu, nikasoma kwamba aliyeumia mapema asiporudi uwanjani msimu huo huongezewa mwaka mmoja wa kuchezea chuo. Daktari akaniruhusu kucheza fainali. Nikakataa, niutunze mwaka wangu. Tukafungwa.

Kesho yake nikampelekea kocha karatasi za sheria hizo, nilizozipigia mistari kwa rula, nidai mwaka wangu.

"Mwaka gani, kaka?" nahodha wetu Baraka akafoka mbele ya timu nzima. "Hizo ni sheria za vyuo vya Marekani! Hapa London anacheza aliye mwanafunzi tu, na wewe unahitimu mwezi ujao!"

Kwa hasira nikazichana karatasi zangu palepale.

Sasa nina shahada na goti zima, ila timu sina.