Uyoga Uliohama Kichuguuni

Ni mimi niliyechanganya uyoga. Kwa miaka mingi nimesema mvua ya Mutomo iliharibu vibandiko vya sampuli zangu, na mvua ya Mutomo, kwa uchache wake, haikupata nafasi ya kujitetea.

Nilipokuwa mwanafunzi nilienda Mutomo kwa shangazi yangu kukusanya uyoga fulani mwembamba, wenye kofia ndefu isiyofunguka na unga mweusi ndani. Shangazi aliuanika kwenye nyungo mbili: wa vichuguuni huku, wa mchanga mtupu kule. Mimi, msomi, nilijua ni aina moja tu. Nikaumimina wote kwenye boksi moja.

Mwaka jana nikaanza kuchunguza jinsi ukoo huo wa uyoga ulivyobadili maisha: uliishi kwanza na mchwa, au peke yake? Jibu lilikuwa ndani ya boksi langu, mradi nijue upi ulitoka wapi. Sikujua. Bila hilo, kazi yangu ilikuwa mboga kavu.

Nikatoka mji wa Wote na boksi langu, nikarudi kwa shangazi.

"Daktari," akacheka, "umesoma mpaka ukapotea?"

Hakuuliza boksi lilichanganyikaje. Alinipa chai, nami nikamshukuru zaidi kwa kule kutouliza.

Shangazi husuka viondo, vile vikapu vya katani. Alipaka unga wa kila uyoga kwenye uzi wake wa katani, kisha akaziosha nyuzi. Nyingine zilibaki nyeusi, nyingine zikarudi nyeupe.

"Unaoshika rangi ni mpangaji wa mchwa. Huyu mwingine alihama, akajitegemea."

"Labda huo ndio wa kwanza, shangazi."

"Angalia mguu wake. Mrefu hivyo ni wa kupenya kichuguu; mchangani wa nini? Bado anatafuta nyumba aliyoiacha."

Nikapeleka sampuli maabara ya Nairobi zikiwa zimegawanywa alivyozigawanya. Kwenye fomu, palipoulizwa nani aliyezipanga, nikaandika: mtafiti.

Simu ya maabara ilinipata Kathonzweni, nikichagua ndengu sokoni.

"Madam, ni makundi mawili kweli. Hakuna hata sampuli moja iliyokosewa. Na ule wa mchangani umetokana na ule wa vichuguuni. Ulizipangaje?"

Nikarudisha ndengu guniani.

"Si mimi. Ni shangazi yangu. Futa 'mtafiti', andika jina lake."

"Sawa. Yeye ni profesa wa nini?"

"Anasuka viondo," nikasema. "Andika hivyo hivyo."