Maji Yaliyopita Motoni

Kitabu kile nilikiandika mimi. Nakiri mapema, maana kwetu Issuna bado wapo wanaoamini kilishuka chenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na makanisa nayo yakachipua kila kona. La kwetu lilianzishwa na mzee mmoja aliyehamia kutoka Kilimatinde. Tulimwita Mtumishi. Alipofariki, wazee wa kanisa wakaniita: “Mwalimu, wewe una mwandiko. Tuandikie maisha yake kabla hatujasahau.” Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na sifa zikanipanda kichwani.

Nikazunguka na daftari. Lo, watu wanakumbuka mambo! Mahubiri yake hawakushika hata moja, ila walijua kwamba alilala na kiatu kimoja mguuni, na kwamba alimwogopa jogoo. Mama yangu, muumini wa mwanzo kabisa nyumbani kwetu, ndiye aliyenipa la maji: Mtumishi hakunywa maji ya kuchemsha. Nikaenda kumuuliza mjane wake sababu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mwanangu, kabla ya wokovu tulikuwa tunapika gongo. Maji yakipita motoni yananuka moshi, na yeye akisikia ule moshi tu, kiu ya pombe inamrudia. Alikuwa anajiogopa.”

Niliandika yote. Nilipowasomea wazee, walifurahia kiatu, wakamcheka jogoo. Kufika kwenye gongo, mwenyekiti akanyoosha mkono.

“Futa hiyo.”

Nikasema basi tufute na maji.

“Maji yabaki. Maji yana ubaya gani?”

Nikafuta. Sikubisha, nilitaka kuheshimiwa. Kitabu kikapigwa stensili Ikungi, na mstari ule ukasimama peke yake: Mtumishi hakunywa maji yaliyopita motoni.

Kiatu hakuna aliyekiiga. Jogoo tuliendelea kuwachinja. Lakini maji! Kuni zilikuwa mbali, na amri isiyotoa jasho haikosi wafuasi. Mwaka haujaisha, waumini wote walikuwa wanakunywa mabichi.

Mvua zilipokuja, lambo tulilotumia pamoja na ng’ombe likachafuka, na kuhara kukaingia kijijini. Mganga wa zahanati akapita nyumba kwa nyumba: chemsheni maji. Mama akampa kiti, akamwitikia vizuri. Alipoondoka, akachota ya lambo akanywa.

Siku ya tatu hakuweza kusimama. Zahanati dripu zilikuwa zimekwisha. Mganga akanielekeza nichanganye sukari na chumvi kwenye maji ya kuchemsha. Mama akageuza uso.

“Yamepita motoni.”

Nikapiga magoti nikamweleza yote, gongo, moshi, mjane alivyocheka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kitabuni haimo.”

“Niliifuta mimi, mama!”

“Kama uliweza kunificha kule, na hapa waweza kunidanganya.”

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, mgonjwa yule. Mjane alikuwa amesharudi kwao Kilimatinde. Nikakimbilia kwa mwenyekiti, shikamoo yenyewe nikaisahau, nikamwomba aje aseme neno moja tu. Akakataa. “Tukitaja gongo leo, kesho watauliza tumeficha nini kingine.”

Nikarudi, nikayapoza maji ya kuchemsha ndani ya mtungi wa mama, nikamwambia nimeyatoa lamboni sasa hivi. Akapiga funda moja, akatema.

“Yananuka moshi,” akasema.

Kweli yalinuka. Alikata roho kesho yake, asubuhi, midomo imekauka, mtungi umejaa.

Arobaini haijatimia, mwenyekiti akaja na wazee wawili. Kitabu kinachapwa upya, akasema, na wanataka habari za mama kama shahidi wa imani. Nilitaka kuwafukuza. Badala yake nikachukua daftari, nikaandika mbele yao, kalamu ikichana karatasi: “Mama yangu alikunywa maji ya lambo mpaka mwisho, kwa sababu mwanawe aliogopa wazee akafuta ukweli, naye akafa kwa kiu.”

Mwenyekiti alisoma polepole, akakunja karatasi, akanishukuru.

Kitabu kipya ninacho hapa. Ukurasa wa mwisho, chini ya habari ya jogoo: “Mama alikunywa maji ya lambo mpaka mwisho.”