Anwani ya Mama Mkwe

Kipindi cha majaribio cha Oswald kwenye ushirika wa wafugaji wa Kilosa kilikuwa kinaisha siku hiyo, na tangu asubuhi haikuwa imeingia picha hata moja ya ng'ombe.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzima. Seva tatu, za Kilosa, Magole na Mikumi, zilitunziana nakala za picha za alama za mifugo, ili moja ikizimika nyingine ziendelee. Mwanzoni huduma zote zilitumia anwani moja ya mtandao. Picha zilizotumwa zikawa zinabisha hodi kwenye huduma ya kuonyesha picha na kufukuzwa. Ndipo Oswald akaipa kila huduma anwani yake. Ile ya kupokea picha akaiita kwa heshima jina la bibi aliyetangulia wote kuandikisha ng'ombe: Tabea. Akajipongeza.

Beatrice, meneja, akaegemea mlango. "Masanze josho limejaa. Picha ziko wapi?"

"Zinakuja, bosi."

Akampigia Seuri, aliyekuwa joshoni akiwaelekeza wafugaji.

"Wamefungua anwani?"

"Bado."

"Si uwatajie waandike!"

Ng'ombe mmoja akajibu kwa niaba yake.

"Nimewaambia waandike jina la yule mama wa bondeni," Seuri akasema. "Mmoja kaandika la mama yake."

"Sema Tabea, basi!"

"Sema wewe. Mimi yule kanizalia mke. Kwetu mkwe hatajwi jina. Nikilitamka mbele ya wazee hawa, leo nitalala wapi?"

Oswald alikuwa amekagua vyeti vya usalama, nyaya, hata dizeli ya jenereta. Nani kaoa kwa nani, hakukagua. Akaibadilisha anwani hiyo kwenye seva zote tatu, ikawa "mapokezi". Baada ya muda ikaingia picha ya kwanza, makalio ya fahali, yenye ukungu kidogo.

"Angalau ni ng'ombe," Beatrice akasema, akachukua kalamu asaini mkataba.

Mlangoni akasimama bibi mwenye shanga.

"Shikamoo, mama," Oswald akawahi.

"Marahaba. Nimeshawatangazia watu wote bondeni kwamba nimo kwenye mtandao. Sasa nasikia mmenitoa."

Kalamu ya Beatrice ikabaki hewani.

"Hatujakutoa, mama. Tumekuhamishia Mikumi," Oswald akasema, huku vidole vyake vikiibadilisha jina seva ya huko. "Sasa una mashine nzima."

"Huko kwa tembo? Inafanya nini?"

"Inatunza kila kitu, na hakuna anayelazimika kuitaja."

Tabea akafikiri.

"Kumbe mnanijua," akasema, akavuta kiti.

Beatrice akasaini.